Kumfundisha Mtoto Kuanzia Pale Alipo



Maombi ya fedha za elimu yaliyofika ofisini kwetu robo hii yanafanana sana. Karibu kila usharika unaomba msaada wa kuendesha kambi ya masomo kwa madarasa ya mtihani: posho ya walimu wa jioni, mafuta ya jenereta, unga na maharage. Tunaelewa. Matokeo ya mtihani hubandikwa ukutani na kila mzazi anayaona. Hata hivyo, kabla kamati hazijakaa kupitisha bajeti, tunaomba kueleza kwa nini sisi tunapendekeza sehemu kubwa ya fedha hiyo iende kwa watoto wengine kabisa. Hao ni wale wa Darasa la Tatu, la Nne na la Tano wanaohudhuria shule kila siku bila kuelewa kinachofundishwa. Tunaomba pia kueleza wanavyoweza kusaidiwa, kwa sababu njia yenyewe si ngumu kama inavyodhaniwa.

Benchi la nyuma

Jambo hili hatukulianzia shuleni, tulilianzia kwenye kipaimara. Mwinjilisti wa mtaa mmoja alikuwa na kundi zuri la watoto wa miaka 13 na 14. Walitamka Amri Kumi na maelezo yake katika Katekismo Ndogo bila kukosea. Siku moja akawapa sura ya Biblia ambayo hawakuizoea, kila mmoja asome mstari mmoja. Wanne waliokaa benchi la nyuma wakanyamaza. Mwinjilisti alidhani ni aibu. Baada ya kipindi aliwaita mmoja mmoja, kwa upole, akagundua kwamba hawajui kusoma. Katekismo waliikariri kwa kuwasikiliza wenzao.

Wote wanne walikuwa madarasa ya juu ya shule ya msingi. Tulipoomba kuona madaftari yao tulishangaa zaidi, maana yalikuwa masafi na mwandiko wa kupendeza. Walikuwa wananakili kila kilichoandikwa ubaoni kama mtu anavyochora picha.

Si busara kumlaumu mwalimu kabla ya kupiga hesabu. Chukueni darasa la watoto 90, na wengi wenu mna madarasa ya namna hiyo au makubwa zaidi. Kipindi ni dakika 40. Mwalimu akitaka kumsikiliza kila mtoto akisoma, kila mmoja atapata chini ya nusu dakika, na hapo hajafundisha lolote. Kwa hiyo hufanya linalowezekana: huandika ubaoni, husoma kwa sauti, watoto huitikia kwa pamoja, kisha hunakili. Wanaojua huitikia kwa nguvu na wasiojua hufuata sauti za wenzao. Muhula unaisha, mtaala unaendelea, na mtoto aliyeachwa kwenye silabi anapelekwa kwenye insha.

Madarasa yalijaa kwa sababu njema. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulioanza mwaka 2002 baada ya ada kufutwa, uliwaingiza shuleni watoto wengi waliokuwa nje. Elimu bila ada ya mwaka 2016 ikaongeza wengine. Hatulalamikii hilo hata kidogo. Lakini kuingia darasani na kujifunza ni mambo mawili. Uwezo walipopima watoto majumbani nchini mwetu mwaka 2010, kwa karatasi ya kiwango cha Darasa la Pili, waliona kwamba watoto takribani watatu tu kati ya kumi wa Darasa la Tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili. Kwa waliokuwa wanamaliza Darasa la Saba, mmoja kati ya watano alishindwa hadithi hiyo hiyo. Serikali nayo ililiona tatizo, na mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili wa mwaka 2015 uliweka nguvu kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtoto anayeanza shule leo ana nafasi nzuri zaidi. Tunachozungumzia hapa ni yule ambaye treni imeshampita.

Kosa letu la vitabu

Inatupasa kukiri kwamba sisi wenyewe tulianza vibaya. Baada ya habari ya benchi la nyuma, tuliomba fedha kwa wahisani tukanunua vitabu vya kiada. Tulivikabidhi kwa hafla na picha zikapigwa, baadhi yenu mlikuwapo. Mwaka uliofuata tulirudi kuangalia. Waliokuwa wanasoma vizuri walikuwa wanasoma vizuri zaidi. Waliokuwa hawasomi walikuwa wamekaa na vitabu mapajani, vingine bado vinanukia upya.

Baadaye tulikuja kujifunza kwamba jambo hilo hilo lilikwisha kuonekana kwa majirani zetu. Katika miaka ya 1990 vitabu viligawiwa kwa shule za Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, na watafiti wakafuatilia. Vitabu viliwasaidia wanafunzi waliokuwa tayari wanafanya vizuri, na kwa walio wengi havikubadili kitu, maana viliandikwa kwa Kiingereza na kwa kiwango ambacho hawakukifikia. Laiti tungelisoma hilo kabla ya hafla.

Alama ya mkosi haisemi yote

Kumfundisha kila mtoto kwa kadiri yake huanza na kujua amekwama wapi. Tutatoa mfano wa hesabu, kwa sababu ndio uliotufungua macho sisi wenyewe.

Watoto wawili wanapewa swali: 52 toa 38. Wa kwanza anaandika 26. Wa pili anaandika 24. Wote wanapata mkosi wa wino mwekundu na wote wanaitwa wazito. Lakini tukikaa na kila mmoja na kumwambia atuonyeshe alivyofanya, tunaona watoto wawili tofauti kabisa. Wa kwanza alitoa 3 kwenye 5 akapata 2, kisha akatoa 2 kwenye 8 akapata 6, maana ameshika kwamba siku zote namba ndogo hutolewa kwenye kubwa. Huyu ana kanuni, na anaifuata kwa uaminifu, ila ni kanuni mbaya. Wa pili alijua kwamba lazima akope kumi, akakopa, akapata 12 toa 8 ni 4, kisha akasahau kwamba ile 5 imeshakuwa 4. Huyu anahitaji kukumbushwa hatua moja, na kwa siku chache atakuwa sawa. Yule wa kwanza hahitaji mazoezi zaidi ya kutoa. Ukimpa maswali hamsini atayakosa yote hamsini kwa kanuni ile ile. Anahitaji kurudi nyuma mpaka kwenye makumi na mamoja.

Hapo ndipo vijiti vinapoingia. Mtoto anafunga vijiti kumi kumi kwa mpira au kamba ya mgomba. Anaweka mafungu matano na vijiti viwili mezani, kisha anaambiwa aondoe 38. Viwili havitoshi kutoa vinane. Hakuna namna ila kufungua fungu. Mtoto akishalifungua kwa mikono yake mwenyewe mara kadhaa, hatumwelezi tena maana ya kukopa. Vifaa vyote hivi havigharimu kitu, na vifuniko vya soda vinafaa vilevile.

Kwenye kusoma, Kiswahili kina neema yake. Herufi zetu husomwa zilivyoandikwa, na mtoto akishaunganisha ba, be, bi, bo, bu na wenzake, mlango umefunguka. Lakini kila mtoto hukwama mahali pake. Yuko anayejua silabi zote akiziona kwa mpangilio wa ubaoni, ukizichanganya hazijui, kwa kuwa alikariri wimbo. Yuko anayesoma silabi ya kwanza na kubahatisha inayobaki: anaona bati anasema bata. Yuko anayesoma vizuri mpaka akutane na herufi zilizobanana, kama kwenye kunywa, mbwa, ngwara au ng'ombe, na hapo husimama. Watatu hawa hawawezi kusaidiwa kwa somo moja.

Inavyofanyika

Kwanza, kila mtoto hupimwa peke yake, kando, bila wenzake kusikia. Karatasi ni moja: silabi, maneno, aya fupi ya sentensi nne, na hadithi fupi. Mtoto husoma mpaka anaposhindia. Kazi hii huchukua dakika tano hivi kwa mtoto mmoja. Hakuna alama inayotolewa, hakuna nafasi ya kwanza wala ya mwisho.

Pili, kwa saa moja kila siku watoto wa Darasa la Tatu hadi la Tano huacha madarasa yao na kukaa kwa makundi kulingana na walichoweza kusoma. Mtoto wa Darasa la Tano anayekwama kwenye silabi hukaa na wa Darasa la Tatu anayekwama kwenye silabi. Kundi moja huwa na watoto kama kumi na tano au ishirini. Mwalimu au kijana wa kujitolea anajua jina la kila mmoja na mahali alipokwama.

Tatu, wanafanya kazi, si kunakili. Kadi za silabi zinatandazwa sakafuni na mtoto anaunda maneno. Anasimulia jambo la nyumbani kwao, mwalimu anaandika maneno yake, kisha mtoto anasoma alichosema mwenyewe. Jambo hili la mwisho lina nguvu sana kwa watoto ambao nyumbani wanazungumza lugha nyingine, kwa sababu hawapewi maneno wasiyoyajua.

Nne, baada ya wiki kadhaa wanapimwa tena, na aliyevuka anahamia kundi lingine. Kuhama ndiko kunakoleta furaha kubwa. Saa ile ikiisha, wote hurudi madarasani mwao na kuendelea na mtaala kama kawaida.

Mtaona kwamba hatusemi mwalimu mmoja kwa mtoto mmoja. Hilo haliwezekani kwetu na hatuliahidi. Wanaowafahamu masista wa Ushirika wa Neema kule Moshi, wanaoandaa walimu wa watoto wadogo kwa njia ya Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto huko Roma mwaka 1907, watatambua wazo lile lile. Mtoto anafanya kazi inayolingana na alipofika, kwa vitu anavyoshika mkononi, na mwalimu anamwangalia zaidi kuliko anavyomhutubia.

Walioitangulia njia hii

Njia ya makundi kwa uwezo ilikuzwa India na shirika la Pratham, lililoanza Mumbai katika miaka ya 1990. Kati ya mwaka 2001 na 2003, katika miji ya Mumbai na Vadodara, wasichana wa mitaani walioitwa balsakhi, yaani rafiki wa mtoto, waliwachukua watoto waliobaki nyuma kwa saa mbili kila siku ya shule. Watoto hao walipanda kwa kiasi ambacho watafiti walikipima na kukithibitisha. Wawili kati ya watafiti hao, Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walipata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2019 pamoja na Michael Kremer, yule yule wa utafiti wa vitabu kule Busia. Zambia nayo, chini ya wizara yake ya elimu, imekuwa ikitumia njia hii kwa Darasa la Tatu hadi la Tano tangu mwaka 2016.

Liko jambo moja katika habari za India ambalo tunaomba kila kamati ilisome mara mbili. Katika wilaya ya Jaunpur, jimbo la Uttar Pradesh, waliitisha mikutano ya vijiji, wakawaeleza wazazi hali ya elimu na haki za kamati zao za shule. Mikutano ilifanyika vizuri. Lakini haikubadili kusoma kwa watoto. Kilichobadili ni pale vijana wa kijiji walipofundishwa namna ya kuendesha madarasa ya kusoma, na hata hapo ni watoto wachache tu waliokwenda, kwa kuwa yalikuwa nje ya saa za shule. Waliokwenda walisoma. Sisi watu wa kanisa tunapenda mikutano na uhamasishaji, na taarifa zetu nyingi huhesabu idadi ya semina. Hapo tumeguswa.

Sehemu nyingine walimu walipewa semina na vifaa bila kutengewa saa maalumu, na matokeo yakawa hafifu. Katika jimbo la Haryana, shule zilipotenga saa nzima kila siku na watoto wakapangwa kwa uwezo, usomaji ulipanda. Saa hiyo ndiyo moyo wa mradi. Ikiliwa na vikao, usafi wa mazingira au maandalizi ya wageni, hakuna kinachobaki.

Tulikojikwaa

Katika shule tuliyoanza nayo, makundi yaliitwa la kwanza, la pili, la tatu na la nne. Ndani ya siku mbili watoto walikuwa na majina yao wenyewe kwa kundi la nne, na hatutayaandika hapa. Mvulana mmoja mkubwa, mwenye ndevu za kwanza, aliacha kuja. Tulikwenda nyumbani kwao tukamkuta anachunga. Bibi yake alituambia waziwazi kwamba mjukuu wake si wa kuwekwa na vitoto. Sasa makundi yana majina ya miti, na wakubwa wanaojifunza silabi hukaa na wakubwa wenzao, hata kama kundi litakuwa dogo. Mvulana yule alirudi, lakini ilichukua muhula mzima na safari nyingi za mwinjilisti.

Msichana mwingine alipimwa mara tatu bila kuvuka maneno. Mwalimu mmoja akagundua kwamba anasoma vizuri kadi ikiwa mkononi na si ikiwa ubaoni. Yalikuwa macho. Mwingine alikuwa akitoka usaha masikioni tangu utotoni na hasikii tofauti ya pa na ba. Watoto hawa walihitaji kliniki kwanza. Wako pia wachache ambao hata baada ya yote hawasogei, na hao wanahitaji mwalimu wa elimu maalumu. Kundi la saa moja si jibu kwao, na ni vibaya kumwachia kijana wa kujitolea mzigo huo.

Tulijaribu pia kufanya saa hiyo jioni. Watoto walikuwa na njaa, na msimu wa kupalilia nusu hawakuja. Saa ikae asubuhi, ndani ya ratiba ya shule, kwa makubaliano na mwalimu mkuu na Afisa Elimu Kata.

Mtauliza habari za wale wanne. Watatu walibarikiwa mwaka uliofuata na walisoma Biblia mbele ya usharika. Mmoja alikuwa ameshapelekwa mjini kufanya kazi za ndani kabla hatujaanza, na mpaka sasa hatujampata.

Tunachoomba

Kwa wahisani wetu: kazi hii haina jengo la kuzindua wala jiwe la msingi. Fedha huenda kwenye karatasi ngumu, kalamu za rangi, uji, nauli, posho ndogo ya vijana na semina ya walimu. Badala ya picha tutawaletea orodha: watoto wangapi walikuwa wapi siku ya kwanza na wako wapi baada ya muhula, pamoja na wale wasiosogea.

Kwa kamati za sharika: hatusemi kambi za mtihani zifutwe. Tunasema zisile bajeti yote, kwa sababu mtoto asiyesoma akifika kambini ni umri tu umemfikisha hapo. Tafuteni vijana waliomaliza Kidato cha Nne, wenye subira kuliko wenye alama kubwa. Wawe wawili wawili, wafundishie mahali pa wazi, na asiwepo anayebaki peke yake na mtoto. Mzazi asitozwe chochote.

Usharika unaotaka kuanza muhula ujao uwasilishe barua kwa Mkuu wa Jimbo, ikiwa imesainiwa na mwalimu mkuu kwamba saa imetengwa kwenye ratiba. Barua isiyo na saini hiyo tutairudisha. Karatasi za upimaji zipo ofisini kwetu, na mzee wa kanisa yeyote anaweza kuja kujifunza kuzitumia kwa asubuhi moja. Aje na miwani yake, maana maandishi ni madogo.